Kutoka Tanuru la Chuma hadi Umeme wa Jua: Kazi za Ufundi na Sayansi Zinavyobadilika Ufipa

(Mada iliyotolewa na ofisi yetu mjini Sumbawanga mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili)



 Tunawashukuru kwa namna ya pekee wajumbe mliotoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ninyi mliopanda Lyamba lya Mfipa kutoka bondeni Ziwa Rukwa. Safari hiyo tunaijua, na tunajua ni kazi ngapi mmeziacha nyumbani.

Tumeombwa tuzungumzie jinsi kazi za ufundi, uhandisi na sayansi zinavyobadilika, na maana yake kwa vijana wa Ufipa. Lakini nyuma ya mada hii lipo swali ambalo kamati zenu zimekuwa zikituuliza: fedha ya mfuko wa elimu wa parokia ni kidogo, je, tumsomeshe nani, na asomee nini?

Swali hili limetufikia kwa sura mbalimbali. Kamati moja inauliza kama iendelee kuwalipia vijana wa kidato cha tano na sita peke yao. Nyingine inasema ilimsaidia kijana hadi akamaliza chuo kikuu, na sasa ni mwaka wa tatu yuko nyumbani anasubiri ajira. Nyingine inalalamika kwamba pampu ya maji ya kijiji imekufa, na kumleta fundi kutoka Mbeya ni gharama kuliko bei ya spea yenyewe. Ukiyaweka haya matatu pamoja utaona ni tatizo moja. Vijana wenye elimu hawana kazi, na kazi zilizopo hazina watu wenye elimu yake.

Wafipa walikuwa mafundi

Tuanze na historia, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba uhandisi ni kitu kilicholetwa Ufipa na barabara ya lami. Sivyo. Kabla ya ukoloni, uwanda huu wa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ulikuwa kiwanda cha chuma. Wazee wetu walijenga matanuru marefu yaitwayo malungu, yenye kimo cha karibu mita 3, mara nyingi kwa udongo wa kichuguu. Ndani walipanga mkaa na mawe yenye chuma. Tanuru liliachiwa matundu kuzunguka chini, likavuta hewa lenyewe bila mivukuto, kama dohani inavyovuta moshi. Lililotoka humo lilikuwa bado chuma chenye taka, nalo lilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambako mivukuto ilitumika kulisafisha. Ndipo mhunzi alipofua jembe, shoka na mkuki.

Hiyo ni sayansi. Kujenga tanuru linalojivutia hewa kwa kipimo sahihi, kuchagua jiwe na kuni za mkaa, kujua ni lini moto umetosha, ni maarifa yaliyopatikana kwa kujaribu na kusahihisha kwa vizazi vingi. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti wa mambo ya kale kuhusu kazi hiyo hapa kusini magharibi mwa Tanzania, na tasnifu yake ya mwaka 1995 ni moja ya maandishi yanayoheshimiwa juu ya chuma cha Afrika. Mabaki ya malungu bado yanaonekana katika baadhi ya vijiji vyetu, ingawa watoto wengi hupita karibu nayo bila kujua ni nini.

Kazi hii ilikufa katika miaka ya 1920 na 1930. Majembe ya dukani kutoka ng'ambo yalikuwa rahisi. Kodi iliwalazimu vijana kutafuta fedha taslimu, wakaenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliobaki na ujuzi wa tanuru walikuwa wachache, na kwa kuwa kazi ilifungwa kwa miiko na siri za koo, walipofariki walikwenda na maarifa yao.

Hata hivyo, si wote waliopoteza. Wahunzi waliendelea. Mawe ya chuma yalipoachwa walichukua vyuma chakavu, na springi ya gari bovu ikawa jembe, shoka au kisu. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoenea Ufipa, mhunzi akajifunza kuitengeneza ilipokatika. Mjukuu wake leo anachomelea mageti na matela pale mjini. Kwa hiyo tunajifunza mambo mawili. Kazi inaweza kufa lakini ujuzi ukahama ukapata kazi nyingine. Na ujuzi unaofichwa ndani ya watu wachache hauhami, bali huzikwa nao.

Mfano wa sekta ya afya

Mabadiliko ya kazi tunayaona vizuri tukitazama afya. Wengi wenu mnaifahamu hospitali ya Dkt. Atiman hapa mjini. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja. Kwa muda mrefu mtu wa mwambao akisema "daktari" alimaanisha mtu huyo mmoja.

Baada ya Uhuru nchi haikuweza kungoja madaktari wa chuo kikuu. Ikafundisha kada za kati: waganga wasaidizi wa vijijini, matabibu, madaktari wasaidizi, wauguzi, wakunga. Kada hizo ndizo zilizobeba zahanati zetu. Mwaka 2007 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao wengi wanaukumbuka kwa kifupi chake MMAM, lengo likawa zahanati katika kila kijiji, na mahitaji ya watumishi yakapanda kuliko vyuo vilivyoweza kutoa.

Lakini tazama kitu kingine ndani ya zahanati hiyo: jokofu la chanjo. Zamani lilitumia mafuta ya taa, na muuguzi alijua kusafisha utambi. Baadaye likaja la gesi, na shida ikawa kupata mtungi kwa wakati. Sasa yapo ya umeme wa jua, mengine yasiyotumia betri kabisa, ambayo hugandisha barafu mchana ili itunze baridi usiku. Mashine imebadilika zaidi ya mara moja, na kila mara ilihitaji mtu mwenye ujuzi mpya. Palipokuwa na mtu huyo, chanjo za watoto zilibaki salama. Pasipokuwa naye, jokofu limegeuka kabati la kuwekea karatasi. Hapo ndipo neno "mwelekeo wa ajira" linapoacha kuwa la vitabuni na kuwa suala la mtoto kupata au kukosa chanjo ya surua.

Maji: kutoka kujitolea hadi kuajiriwa

Upande wa maji, wazee mnakumbuka Wanorway. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Norway, kupitia shirika lake la NORAD, ilisaidia miradi ya maji Rukwa, na baadaye maendeleo ya vijiji kwa ujumla, hadi ufadhili huo ulipokoma mwaka 1996. Visima vilichimbwa, pampu za mkono zikafungwa, na maji ya mserereko yakaletwa kutoka vyanzo vya milimani. Vijiji viliteua watunza pampu, ambao wengi walikuwa watu wa kujitolea. Walifundishwa kwa siku chache, wakapewa spana, wakaambiwa watunze.

Hatuwadharau hata kidogo. Wengine walifanya kazi hiyo miaka mingi bila shilingi. Lakini mtu wa kujitolea ana shamba, ana watoto, anazeeka. Magari ya mradi yalipoondoka na spea zikawa haba, pampu nyingi zilinyamaza, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo.

Sasa utaratibu umebadilika kisheria. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Chini yake vimeundwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinatakiwa kuajiri fundi na mhasibu wenye sifa, badala ya kutegemea kamati ya kujitolea peke yake. Ndugu wajumbe, hizo ni ajira za kiufundi zilizoletwa hadi kijijini. Anayezihitaji si lazima awe na shahada. Anahitaji cheti cha ufundi bomba au umeme, ajue kusoma mita, aelewe pampu inayoendeshwa na jua, na awe mwaminifu. Je, katika vijiji vyenu yuko kijana mwenye cheti hicho? Kama hayupo, atakuja mtu wa mkoa mwingine. Tutampokea vizuri, lakini tusishangae.

Umeme umeleta kazi, na kazi haingoji

Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme unaonunuliwa Zambia kupitia Mbala, pamoja na jenereta za dizeli. Mradi wa njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga umekusudiwa kuuunganisha mkoa wetu na gridi ya Taifa. Vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya mahali ambapo wengi wetu hatukutegemea kuziona.

Nguzo ikifika kijijini, kazi zinabadilika ndani ya miezi. Mashine ya kusaga ya dizeli inaachwa na inafungwa ya mota. Fundi aliyezoea kufungua injini anakuta mashine isiyo na injini. Fundi seremala aliyezoea randa ya mkono anataka mashine ya umeme. Nyumba zinahitaji kufungiwa nyaya, na akizifunga mtu asiyejua nyumba itaungua. Bodaboda zimeongezeka na gereji zimeongezeka. Simu zimeingia kila nyumba na fundi simu amepata meza yake sokoni.

Na huko ambako nguzo haijafika, paneli za jua zimetangulia. Tumetembelea zahanati na shule zilizofungiwa mitambo hiyo na miradi mbalimbali. Paneli yenyewe hudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri nyingi za risasi hazifiki hata miaka 5, hasa zikitumiwa hadi kuisha kila usiku. Mradi ukiisha na betri ikifa, watu husema "sola imeharibika", wakati kilichoharibika ni kitu kimoja kinachoweza kubadilishwa. Kinachokosekana ni mtu wa kupima, na fedha iliyowekwa akiba kwa ajili ya betri mpya. Kwa maoni yetu, mradi wa sola usio na fundi wa karibu na mfuko wa betri bado haujakamilika, hata kama umezinduliwa kwa ngoma.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa sana, nalo ni gesi ya heliamu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa bonde la Rukwa lina gesi hiyo kwa wingi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilieleza kuipata katika kisima cha Itumbula, upande wa Mkoa wa Songwe. Gesi hiyo hupoza mashine kubwa za uchunguzi hospitalini na hutumika viwandani. Tunawaomba msiwape vijana matumaini makubwa kupita kiasi. Kazi za uchimbaji huajiri watu wachache wenye ujuzi maalumu, kama wajiolojia, wachomeleaji wenye vyeti, mafundi umeme na madereva wa mitambo. Asiye na cheti atabaki kulinda geti. Lakini kijana aliyesomea uchomeleaji vizuri ana faida: gesi ikitoka atapata kazi, na isipotoka atatengeneza matela Laela.

Mhandisi mmoja na mafundi wangapi?

Sasa tuje kwenye kiini. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Wakati huo mhandisi Mtanzania alikuwa mtu adimu na kazi ilimngoja mlangoni. Leo vyuo ni vingi. Hapa jirani tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na ambacho sasa kina kampasi hapa Rukwa. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini mhitimu wa leo hapangiwi kazi kama zamani. Tangu katikati ya miaka ya 2010, hata walimu na watumishi wa afya, ambao walizoea kupangiwa vituo mara wanapohitimu, wanaomba nafasi na kushindana. Wahandisi nao, ili wasajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wanahitaji kufanya kazi chini ya usimamizi, na ndiyo sababu bodi hiyo ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu mwaka 2003. Kijana mwenye shahada ambaye hajashika kazi bado yuko katikati ya safari.

Wahandisi wenyewe hutaja kipimo kimoja ambacho tunaomba mkikumbuke: kwa kila mhandisi 1 wanahitajika mafundi sanifu 5 na mafundi stadi 25. Yaani kwa kila anayechora daraja, wawepo watano wa kusimamia na kupima, na ishirini na watano wa kufunga nondo, kuchomelea na kumwaga zege. Sasa jiulizeni: mfuko wa parokia yenu umewasomesha wangapi wa kundi la kwanza, na wangapi wa kundi la tatu? Kamati nyingi zitakuta piramidi yao imesimama kwa kichwa.

Tunajua sababu. Mzazi wa Kifipa ameteseka na jembe, naye anataka mtoto wake ashike kalamu. Kwa miaka mingi ufundi ulionekana kuwa wa aliyefeli. Kijana akishindwa kidato cha nne ndipo baba anasema, "Basi nenda ukajifunze gereji." Ufundi ukipelekewa waliokata tamaa peke yao, utazaa mafundi waliokata tamaa. Fundi mzuri wa leo lazima ajue hesabu, asome mchoro, asome maelekezo ya mashine yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, na aweke kumbukumbu za fedha. Hiyo si kazi ya mjinga.

Serikali nayo imegeuza usukani. Kwa miaka mingi Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa isiyo na chuo cha VETA cha mkoa, na sasa kipo. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Chala, wilayani Nkasi, kinaendelea kupokea vijana na watu wazima. Mtaala mpya wa sekondari umeleta mkondo wa amali, ulioanza Januari 2024, ambapo mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya elimu ya juu imefunguliwa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya, ualimu wa sayansi na hisabati, na uhandisi wa nishati. Wajumbe, wazazi wengi hawalijui hili. Tangazeni.

Mwalimu wa fizikia

Hakuna fundi wala mhandisi bila mwalimu. Shule za sekondari za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2004, tulishangilia, na haki yetu. Mwaka 2014 wananchi tulichangia na kujenga vyumba vya maabara za fizikia, kemia na baiolojia kwa agizo la Serikali. Wengi mliokaa hapa mlibeba mawe na mchanga. Lakini chumba cha maabara hakifundishi. Zipo shule ambako mwalimu mmoja wa fizikia anafundisha vidato vyote vinne, na akiugua hakuna kipindi.

Njia ya kupata walimu hao nayo haikunyooka. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa makwao, na baadaye waliokuwa na sifa wakapelekwa vyuo vya ualimu. Wakati huo huo watoto wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Rukwa watu wanaozidi milioni 1 kidogo, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 1.5. Mwalimu wa hisabati anayepelekwa Kirando au Mtowisa akakuta nyumba nzuri na majirani wema, anakaa. Akikuta chumba kinachovuja, anaomba uhamisho. Hilo liko ndani ya uwezo wa kamati zenu kuliko mnavyodhani.

Wasichana na watu wazima

Tusisahau nusu ya nguvu kazi yetu. Huko Kinyasini, Unguja, kituo cha Barefoot College, chenye asili yake katika kijiji cha Tilonia nchini India, kimekuwa kikiwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasio na elimu ya sekondari, kuwa mafundi wa umeme wa jua. Wanafundishwa kwa mikono na kwa rangi za nyaya. Sababu ya kuwachagua akina mama ni ya kivitendo: kijana wa kiume akipata cheti huondoka kwenda mjini, mama mwenye familia hurudi kijijini na kubaki. Parokia inayotaka sola yake iendelee kuwaka iweke jambo hilo katika hesabu zake.

Vilevile, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi wa shule, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vina mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa wasichana waliokosa nafasi. Tunaomba majina yao yaingie kwenye orodha zenu za misaada. Mara nyingi hayaingii kwa sababu kamati inaona aibu.

Na watu wazima? Fundi wa miaka 40 aliyejifunza kazi chini ya mwembe hana cheti, kwa hiyo hapati tenda ya halmashauri hata kama nyumba alizojenga zimesimama imara. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kazini, anaonyeshwa mapungufu, anapewa mafunzo mafupi, na akifaulu anapata cheti. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuongeza mafundi wenye sifa, kwa sababu mtu tayari ana ujuzi. Mhunzi wa zamani aliyeachana na jiwe akachukua springi alibadili kazi bila kuanza upya. Wa leo naye anaweza.

Mapendekezo yetu

Kwa kamati za parokia tunapendekeza yafuatayo:

1. Kabla ya kugawa fedha ya mfuko wa elimu, andikeni orodha ya mashine zote zinazohudumia watu wenu: pampu, jokofu, mtambo wa sola, mashine ya kusaga, pawatila. Mbele ya kila moja andikeni jina la anayeweza kuitengeneza. Penye nafasi tupu ndipo penye kozi ya kumsomesha kijana.

2. Gawanyeni mfuko. Sehemu iende kwa wanaoelekea chuo kikuu, na sehemu isiyopungua nusu iende kwa cheti na stashahada za ufundi, afya na ualimu wa sayansi. Gharama ya mmoja wa chuo kikuu huweza kuwalipia mafundi kadhaa, na wa chuo kikuu anaweza kuomba mkopo wa Serikali.

3. Msimfunge kijana kwa mkataba wa maneno makali kwamba lazima arudi. Mkataba huo haumrudishi mtu. Kinachomrudisha ni kazi inayomngoja. Zungumzeni na chombo cha maji, zahanati na shule kabla hajaondoka.

4. Kila fundi anayefadhiliwa afundishe wengine wawili. Tusirudie habari ya malungu.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba kwa unyenyekevu mambo mawili. La kwanza, katika kila mradi wa mashine au jengo, itengwe sehemu ya bajeti kwa mafunzo, vifaa vya fundi na spea za miaka 5. Picha ya boksi la spana haivutii kama picha ya jengo jipya, tunaelewa, lakini ndiyo inayolinda jengo hilo. La pili, mhitimu wa ufundi apewe sanduku la zana siku anapomaliza. Fundi asiye na zana ni kibarua wa mwenye zana.

Ndugu wajumbe, hatusemi kwamba watoto wa Ufipa wasiende chuo kikuu. Waende, na wengi zaidi. Tunasema kwamba anayesoma uhandisi Dar es Salaam na anayefunga bomba Namanyere wanahitajiana, na kwa sasa tumemlea mmoja tukamsahau mwenzake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuko tayari kukaa na kila kamati kuandika ile orodha ya mashine, na tunaomba ziletwe ofisini kabla ya mikutano ya kugawa mfuko wa mwaka ujao, ili tuzitumie katika maombi tutakayopeleka kwa wafadhili.